Kona ya Waimbaji: Akorde ikiteleza, korale inaanguka



Mwezi huu tunajibu ulizo moja ambalo waongozi wa korale wanatuuliza mara kwa mara: "Juu ya nini vijana wetu wanapiga gitare muzuri kama wanapiga kwa kichwa tu, lakini tukiwapa karatasi yenye kutoka katika ordinatere, wanapotea?" Wengi wanajibu upesi: "Ni uvivu. Hawajifunzi." Mimi pia nilikuwa ninajibu vile. Leo ninataka kuwaelezea namna gani nilipata kujua kwamba mara nyingi kosa haliko katika mikono ya kijana. Liko katika karatasi. Na karatasi ile, ni sisi wakubwa tunaiandika.

SIKU YA MAZIKO

Ilikuwa mwaka 2021, mwezi wa tisa. Kijana mumoja krezere alikufa. Udongo ulimuangukia ndani ya shimo. Ninyi wenye kuishi katika miji ya migodi munajua kilio cha namna ile: mutu anaondoka asubuhi na taa yake ya kichwani, na mangaribi wanaleta taa, mwenyewe hayuko.

Mudogo wake ndiye alikuwa mupiga gitare wa korale yetu. Alikuwa na miaka 17. Tulimwambia apumzike, mwingine atapiga kwa nafasi yake. Akakataa: "Hapana, papa. Ni yaya yangu. Mie mwenyewe nitamusindikiza."

Tulitunga wimbo mupya kwa ajili ya siku ile. Usiku, mbele ya maziko, niliandika maneno katika ordinatere, na juu ya maneno nikaandika akorde: Do, Fa, Sol. Kila akorde niliisukuma kwa nafasi tupu, moja, mbili, kumi, mpaka ikakaa juu ya silabi yake. Katika kioo cha ordinatere ilionekana safi kabisa. Asubuhi nikabeba kazi katika kle USB mpaka kwa sekretaria publike. Wakachapa, wakatoa fotokopi 30. Hakuna mutu aliyepata wakati wa kujaribu.

Makaburini tukaanza kuimba. Mustari wa kwanza ulienda. Lakini katika refrene, pale tunasema "tunakusindikiza", gitare ikapiga Fa mbele ya wakati wake. Sisi tulikuwa bado tunashika nota mi. Munajua kwamba mi na fa ni majirani wa karibu sana. Katika klaviye hakuna tushe nyeusi kati yao. Zikilia pamoja, zinagombana. Wasoprano wakafwata gitare, waalto wakabakia nyuma, wabasi wakanyamaza. Wimbo ukakatika mbele ya sanduku. Mama mumoja akaanzisha wimbo mwingine ambao watu wote wanaujua, ndivyo tulivyookoka.

Tulipotoka, kwa mulango wa makaburi, nilimwambia yule kijana mbele ya wote: "Leo umetupatisha haya."

Yeye akajibu pole pole: "Papa, nilipiga paka vile iko pa karatasi."

Sikumusikiliza. Kijana hakurudi juma tatu. Kisha mama yake akaja kwangu nyumbani. Hakukuja kugombana. Alikaa tu, akasema: "Papa, mutoto wangu mumoja alibakia mu udongo. Na huyu mwingine, gitare iko pa ukuta, haigusi tena. Anasema ni yeye aliharibisha maziko ya yaya yake."

Mama alipoenda, nikatafuta fotokopi yangu. Nikaisoma kwa mara ya kwanza kama mutu mwenye kupiga, si kama mutu aliyeandika. Fa haikukaa juu ya silabi "si". Ilikaa juu ya "ku". Kijana alisema kweli.

NANI ALISUKUMA AKORDE?

Nikarudi kwa sekretaria publike. Dada wa pale akafungua tena kazi yangu, akaniambia: "Papa, ile polise yako, hapa kwetu haiko. Mashini ilitia ingine yenyewe."

Polise hii si ile ya kusimamisha magari katika barabara! Ni umbo la herufi tu. Lakini na yenyewe inaweza kukupeleka pabaya. Wazee wanakumbuka mashini ya zamani ya kuandika na stensili za kanisa. Katika ile mashini, herufi zote zilikuwa na upana mumoja: "i" ilikula nafasi sawa na "m". Ukiandika Fa juu ya "si", inabakia juu ya "si" mpaka karatasi iishe kuoza. Ordinatere haifanyi vile. Katika polise nyingi "i" ni nyembamba, "m" ni nene, na nafasi tupu ina kipimo chake. Sasa, mustari wa maneno umejaa herufi, na mustari wa akorde umejaa nafasi tupu. Ukibadilisha polise, ule wa chini unarefuka kwa kipimo kimoja, na ule wa juu kwa kipimo kingine. Akorde zinaanza kuteleza. Na kosa linakua kadiri unavyoenda kuume: ya kwanza iko muzuri, ya pili imesogea kidogo, ya mwisho imekwisha kuhamia kwa jirani.

Tena ni mateleza mabaya kwa sababu hayaonekani. Karatasi ni safi, maneno ni kamili, akorde zote ziko. Hakuna kitu kilichopotea isipokuwa wakati.

AKORDE INASEMA MAMBO MAWILI

Vijana, mushike neno hili moja katika kona ya mwezi huu: akorde inasema "nini", na inasema pia "saa gani". Jina lake, Fa, linasema nini. Pahali inaposimama panasema saa gani. Ukiharibu pahali, umedanganya nusu ya habari, hata kama jina ni sawa.

Shida hii si ya leo. Kule Italia, karibu na mwaka 1600, watunzi walianza kuandika tarakimu ndogo pamoja na nota za besi, ili mupiga ogani ajue sauti gani za kuongeza. Tarakimu ikisogea kidogo, mupiga ogani aliongeza sauti mbele ao nyuma ya waimbaji, kama kijana wetu.

Na kwetu Katanga? Mwaka 1952 Hugh Tracey alimukuta Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, muji tunaouita leo Likasi, akaingiza gitare yake katika sahani. Kisha David Rycroft alisikiliza zile sahani, akaandika mchezo wa vidole vya Mwenda nota kwa nota, akauchapisha katika gazeti African Music mwaka 1961 na 1962. Hakuandika tu majina ya akorde juu ya maneno. Aliona kwamba kama wakati wa kila kidole haumo, gitare ya Mwenda haimo.

KISWAHILI CHETU KINAOMBA NAFASI

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Kifaransa havitatuambia. Katika Kifaransa maneno mengi ni mafupi. Ukitia akorde juu ya neno, mupigaji anaelewa. Kiswahili ni kingine. "Tunakusindikiza" ni neno moja, lakini lina silabi saba: tu-na-ku-si-ndi-ki-za. Katika wimbo wetu, lile neno moja linabeba akorde ine: Do kwa "tu", Fa kwa "si", Sol kwa "ki", na Do tena kwa "za". Ukiandika "Do Fa Sol Do" juu ya neno lisilokatwa, unamuambia mupigaji abahatishe.

Muangalie pia kwamba Kiswahili kinatia uzito kwa silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa ni "ki". Mara nyingi sikio linangojea badiliko pale pale. Akorde ikija silabi moja mbele, hata mutoto mudogo anageuza kichwa.

TAA YA KICHWANI

Basi tufanye nini? Tuache kuandika akorde kwa nafasi tupu. Tutumie programu ya kuandika muziki. Ziko nyingi. Sibelius ilianza Uingereza mwaka 1993. Dorico ilitoka mwaka 2016. Matoleo yao makamili ni ya kununua. Finale ilikuwako tangu mwaka 1988, lakini mwezi wa nane wa mwaka 2024 wenye kuitengeneza walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Kama korale yenu iko na kazi za zamani ndani yake, muzitoe mapema kwa namna ya MusicXML, ambayo programu zingine zinaweza kusoma. Sisi tunatumia MuseScore, iliyoanzishwa na Werner Schweer mwaka 2002. Hailipishwi, na ukiisha kuitia katika ordinatere unaandika hata pasipo intaneti. Ila umeme, huo hakuna programu inayouleta!

Tofauti ni nini? Katika maandishi ya kawaida, akorde ni kama taa uliyotundika kwa ukuta wa shimo. Muchimbaji akisogea, taa inabakia, naye yuko katika giza. Katika programu ya muziki, akorde ni kama taa iliyofungwa kichwani. Imefungwa kwa nota, ao kwa pigo la mezire, yaani kipande kile kati ya mistari miwili yenye kusimama. Nota ikienda kuume, akorde inaenda nayo. Nota ikishuka mustari wa chini, akorde inashuka nayo. Ukipandisha wimbo mzima kutoka Do mpaka Re, programu inaweza kubadilisha na majina ya akorde yenyewe.

Haya sasa ni mashauri ambayo tumeyapata kwa kuanguka na kuamuka:

1. Andikeni nota kwanza, maneno ya pili, akorde za mwisho. Maneno yakatwe silabi kwa silabi, kila silabi chini ya nota yake. Kama maneno ni marefu, programu inapanua nota yenyewe. Kisha shikeni nota, bonyezeni Ctrl na K, andikeni akorde. Tushe ndefu ya nafasi tupu inawapeleka mbele kwa nota ao pigo linalofwata. Ndiyo, ni tushe ile ile iliyoniharibia wimbo! Lakini hapa inahesabu wakati, haihesabu upana.

2. Kama nota moja ndefu inabeba akorde mbili, musiandike zote mbili pamoja kwa mwanzo wa nota. Akorde ya pili inaweza kufungwa kwa pigo la tatu hata kama hakuna nota mupya pale. Mupigaji ataona nafasi kati yao, na jicho lake litajua kungojea.

3. Jina la akorde linaanza juu ya kichwa cha nota, na mukia wake unaelekea kuume. Musitafute kuliweka katikati ya neno ili lipendeze. Mupigaji anaangalia herufi ya kwanza. Pale inaposimama, ndipo mukono unashuka.

4. Majina marefu yakikaribiana, yanagongana. Fa dieze minere 7 inakula nafasi kubwa, na ile inayofwata haina pahali. Hapo programu inasukuma nota mbali ili majina yasigusane, na mezire moja inavimba kuliko zingine. Mukifungua Format, kisha Style, kuna pahali pa akorde, na pale munachagua nafasi ndogo kabisa inayokubaliwa kati ya jina na jina. Pungusheni kidogo, ao pungusheni ukubwa wa herufi za akorde. Lakini mujiulize kwanza: ile 7 ni ya lazima? Akorde tatu zenye kusomeka ni bora kuliko saba zenye kubanana.

5. Musijaze mezire nyingi katika mustari mumoja. Kwa nyimbo zetu, ine zinatosha. Shikeni mustari wa kusimama pale mnataka kukata, mubonyeze tushe Enter. Kateni pale waimbaji wanapumua. Na mwanzoni mwa kila mustari mupya, andikeni tena jina la akorde hata kama haijabadilika. Jicho linalorudi kushoto linahitaji kitu cha kushika.

6. Musivute akorde kwa panya ya ordinatere mpaka mbali. Huu ni mutego mkubwa. Ukiivuta kutoka "ku" mpaka "si", kwa macho imekaa kwa "si", lakini kamba yake ingali imefungwa kwa "ku". Siku munapobadilisha ukubwa wa karatasi, itaenda pahali musipopajua. Ifuteni, muiandike tena kwa nota yake ya kweli. Kama mutu alivuta nyingi, zishikeni, mubonyeze Ctrl na R: kila moja itarudi kwao, na mutaona wazi zipi zilifungwa vibaya.

7. Mukubaliane juu ya majina. Wengine wanaandika Do, Re, Mi. Wengine C, D, E. MuseScore inaweza kuonyesha namna zote mbili. Mujihazari na herufi B: kwa Waingereza ni si, kwa Wajerumani ni si bemole, na si yao wanaiita H. Mujue pia kwamba "Sol7" ni pana kuliko "G7". Mukigeuza majina, muangalie nafasi tena.

8. Musikilize mbele ya kuchapa. Tangu toleo 3.5 la mwaka 2020, MuseScore inaweza kulisha akorde zenyewe pamoja na nota. Fungeni macho. Kama akorde imefungwa vibaya, sikio litaisikia hata kama macho yanadanganywa.

9. Musipeleke kazi kwa kuchapa katika namna inayoweza kubadilishwa. Itoeni kwa PDF. Katika PDF kila kitu kinabakia pahali mulipokiweka, hata kama mashini ya yule dada haina polise yenu.

10. Na la kumi halihitaji ordinatere: mumupe kijana karatasi juma moja mbele. Akisema "hapa iko kintu", mumusikilize.

KARATASI MUPYA

Niliandika wimbo ule tena, nota kwa nota. Ilinichukua mangaribi mbili, juu ya umeme. Kisha nikaenda kwao. Kijana alikuwa nje, anachota maji. Sikuanza na maneno mengi. Nilimupa karatasi mbili, ya zamani na ya mupya, nikamwambia: "Angalia neno tunakusindikiza."

Aliangalia wakati murefu. Akatia kidole juu ya Fa ya karatasi ya zamani, kisha juu ya Fa ya karatasi mupya. Akaniuliza: "Papa, sasa si mie?"

Nikamujibu: "Haikuwa wewe. Ilikuwa mimi."

Lakini neno langu baya nililisema mbele ya watu. Kwa hiyo siku ya repetisio nilisimama mbele ya korale yote, na zile karatasi mbili mukononi, nikasema vile vile mbele ya watu. Ninawaambia kweli, wababa wenzangu: kujifunza MuseScore kulikuwa rahisi kuliko dakika zile tano.

Siku ya kumaliza kilio tuliimba tena wimbo ule. Yeye ndiye alipiga. Tulipofika kwa "tunakusindikiza", niliona wasoprano wote wanamuangalia mukono. Do. Akangojea. Fa ikaanguka juu ya "si", Sol juu ya "ki", na tukafika pamoja kwa "za". Mama yake alikuwa amekaa chini pamoja na wamama wengine. Hakusema kitu. Aliimba tu.

Basi, waongozi, mukikuta korale inaanguka pahali pamoja kila mara, musianze kwa kumutafuta mukosaji. Anzeni kwa kutia kidole juu ya karatasi, silabi kwa silabi. Karatasi haina haya, haitalia, na haitakaa nyumbani juma tatu.

ULIZO ZA KUZUNGUMUZA KATIKA KORALE AO NYUMBANI

1. Chukueni wimbo mumoja wa korale yenu wenye akorde. Kila mutu aonyeshe kwa kidole silabi gani akorde inabadilika. Munakubaliana wote?

2. Nani anaandika karatasi zenu? Nani anazijaribu mbele ya siku ya kuimba?

3. Je, kuna kijana ao binti aliyeacha korale yenu juu ya kosa ambalo pengine halikuwa lake? Nani ataenda kwao?

Mwezi kesho tutazungumuza juu ya kugawa karatasi za sauti ine, ili wabasi wasisome mustari wa wasoprano. Mubakie na amani, na gitare zenu zisishuke!